Kwa nini utepe wa amofasi uligeuka fuwele nyuzi 60 chini ya kiwango kilichoandikwa?

*"Nimesokota pete nne za sumaku kwa utepe wa aloi ya amofasi (yaani atomi zake hazijajipanga kama za fuwele) ya chuma, silikoni na boroni. Utepe una unene wa mikromita 25, na kila pete ina uzito wa gramu 400 hivi. Karatasi ya taarifa iliyokuja na utepe inasema joto la kugeuka fuwele ni nyuzi 510 za Selisiasi, na nukta ya Curie (joto ambalo aloi inapoteza usumaku wake) ni nyuzi 395. Nilitaka kuondoa mikazo iliyobaki baada ya kusokota, nikaziweka kwenye tanuri lenye nitrojeni kwa nyuzi 450, saa 4. Nilidhani nyuzi 60 chini ya kiwango ni salama kabisa. Zimetoka na rangi ya kahawia inayoelekea buluu, utepe unavunjika kama kigae chembamba, kitanzi cha histeresisi (mchoro wa usumaku dhidi ya uga) kimelala upande, na koasiviti (uga unaohitajika kuufuta usumaku) imepanda kutoka ampea 4 kwa mita hadi karibu 60. Cha ajabu, maabara moja ilizipima kwa eksirei ikasema bado ni amofasi. Sasa ni fuwele au si fuwele? Kama kimiminika kilipita nyuzi hizohizo kikipozwa na hakikugeuka, kwa nini kigeuke nikikipasha? Na je, naweza kuzirudisha pete zangu zilivyokuwa?"*

Pole kwa pete zako. Nitaanza na swali la mwisho, maana ndilo linaloamua kama utaendelea kuzihangaikia au utasokota nyingine: hapana, hazirudi. Aloi ya amofasi ikishaanza kuota fuwele, hakuna joto la tanuri litakaloifuta hali hiyo. Njia pekee ni kuiyeyusha upya na kuipoza kwa kasi ya takriban nyuzi milioni moja kwa sekunde, kama ilivyofanyika utepe ulipotengenezwa. Lakini swali lako la kwanza lina majibu mawili kwa pamoja. Kwa dalili ulizoeleza, sehemu kubwa ya utepe wako huenda bado ni amofasi, ila ngozi yake ya juu karibu hakika imeshageuka fuwele. Ngozi hiyo nyembamba inatosha kuharibu kila ulichokipima.

Kosa lako limewapata wengi, na chanzo chake ni namna ile namba 510 inavyosomwa. Inaandikwa karibu na nukta ya Curie, katika jedwali moja na uzito mahususi, kwa hiyo mtu anaichukulia kama nukta ya kuyeyuka: chini yake salama, juu yake hatari. Sivyo. Barafu haiyeyuki chini ya nyuzi 0 hata uisubiri mwaka mzima, kwa sababu chini ya hapo barafu ndiyo hali tulivu kuliko maji. Utepe wako uko katika hali tofauti kabisa. Aloi ya amofasi si tulivu katika joto lolote lililo chini ya nukta yake ya kuyeyuka. Muda wote "inataka" kuwa fuwele, hata ikiwa juu ya meza yako sasa hivi. Kinachoizuia ni kwamba atomi zake hazina uwezo wa kuhama. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni itachukua muda gani kugeuka katika joto fulani, na namba 510 haina maana mpaka iambatane na muda.

Namba hiyo hupatikana hivi. Kipande cha utepe cha miligramu 10 hadi 20 huwekwa kwenye kalorimita ya DSC, mashine inayopima joto linaloingia au kutoka kwenye kipande, kikapashwa kwa kasi isiyobadilika, mara nyingi nyuzi 10 au 20 kwa dakika. Kinapogeuka fuwele hutoa joto, na mashine huchora mlima. Mahali mlima unapoanza kunyanyuka ndipo panapoandikwa "joto la kugeuka fuwele". Kwa maneno mengine, 510 ni joto ambalo ugeukaji unakwenda upesi kiasi cha kuonekana na mashine inayokimbia nyuzi 20 kila dakika. Pasha kwa kasi ya nyuzi 5 badala ya 40, na mlima huohuo utashuka kwa nyuzi 30 hivi. Sasa wewe hukukimbia kabisa: ulisimama nyuzi 450 kwa dakika 240.

Tuiweke katika hesabu, maana hapa hesabu inaondoa ubishi. Kwa aloi za chuma, silikoni na boroni, nishati ya uamilishaji ya kugeuka fuwele, yaani kizingiti ambacho atomi lazima zivuke, kwa kawaida huwa kati ya kilojuli 300 na 450 kwa moli. Tuchukue 390 kwa mfano, na tuseme kilele cha mlima wa kwanza kiko nyuzi 530 unapopasha kwa nyuzi 20 kwa dakika. Kutokana na hizo mbili, katika nyuzi 530 muda bainifu wa ugeukaji, yaani muda wa kugeuka takriban theluthi mbili, ni kama sekunde 40. Shuka hadi nyuzi 480, unakuwa kama nusu saa. Nyuzi 450, saa 7 hivi. Nyuzi 430, karibu siku mbili. Nyuzi 370, miaka miwili na zaidi. Ukishuka zaidi, hadi joto la kazi la transfoma, hesabu inatoa miaka isiyo na maana kwa mwanadamu, na ndiyo sababu tepe hizi zinaaminika kukaa ndani ya transfoma miongo kadhaa.

Angalia sasa saa zako 4 katika nyuzi 450. Ugeukaji wa namna hii huanza polepole, hukaza mwendo, kisha hupungua. Ukitumia mlinganyo wa kawaida wa Avrami, unaokadiria sehemu iliyogeuka kadiri muda unavyopita, wenye kipeo cha 3, saa 4 dhidi ya muda bainifu wa saa 7 inakupa takriban asilimia 15 iliyogeuka. Hiyo ni kama tanuri lako lilikuwa nyuzi 450 kweli. Kama ndani ya pete palikuwa 470, muda bainifu unashuka hadi saa 1 na robo, na saa 4 zinatosha kumaliza hatua yote ya kwanza. Nyuzi 20 ni tofauti ya kawaida kabisa kati ya themokapo (kipima joto cha waya) iliyo ukutani mwa tanuri na mahali mzigo ulipo.

Sasa mantiki ya ndani. Ili fuwele ipatikane, vinatakiwa vitu viwili: mbegu na ukuaji. Mbegu ni kikundi kidogo cha atomi kilichojipanga kwa bahati. Kikiwa kidogo mno, gharama ya uso wake ni kubwa kuliko faida ya kujipanga, hivyo husambaratika. Kikivuka ukubwa fulani, faida inazidi, na kinaendelea kukua chenyewe. Kadiri aloi inavyokuwa baridi chini ya nukta yake ya kuyeyuka, ndivyo msukumo wa kuota mbegu unavyoongezeka na ukubwa unaohitajika unavyopungua. Lakini baridi hiyohiyo inafanya atomi ziwe nzito kusogea. Mbegu basi huota zaidi upande wa baridi, na hukua kwa kasi zaidi upande wa joto.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako zuri kuhusu kupoza na kupasha. Kimiminika kinapopozwa, hupita kwanza eneo la joto kali, ambako kingeweza kukuza fuwele upesi, ila hakina mbegu. Kikifika eneo la mbegu, zinaota chache, lakini sasa ni baridi mno kwa mbegu hizo kukua. Zinaganda humo ndani zikiwa ndogo mno. Ukipasha, mpangilio unageuka: unaanzia eneo la mbegu, unaongeza nyingine juu ya zile zilizogandishwa, kisha unazipandisha zote hadi kwenye joto linalozikuza. Tofauti hii si ndogo. Kwa aloi maarufu ya zirkoni, titani, shaba, nikeli na berili iliyotangazwa na Peker na Johnson mwaka 1993, kupoza kwa nyuzi 1 hivi kwa sekunde kunatosha kukwepa fuwele, lakini kupasha bila kuzipata kunahitaji kasi ya takriban nyuzi 200 kwa sekunde. Ni aloi ileile na nyuzi zilezile za joto. Kwa utepe wako wa chuma, unaohitaji mamia ya maelfu ya nyuzi kwa sekunde hata wakati wa kupozwa, tanuri la kawaida haliwezi kabisa kushinda kwa kasi. Lazima lishinde kwa kukaa chini.

Katika aloi yako ugeukaji hutokea kwa hatua mbili, na kila hatua ina madhara yake. Hatua ya kwanza huota fuwele za chuma chenye silikoni kidogo, zenye umbo la matawi. Boroni haina nafasi ndani ya fuwele hizo, hivyo husukumwa nje, na amofasi inayobaki inazidi kuwa na boroni nyingi. Utajiri huo wa boroni huituliza kwa muda, ndiyo maana kwenye mchoro wa DSC kunaonekana milima miwili badala ya mmoja. Hatua ya pili, katika joto la juu zaidi au muda mrefu zaidi, mabaki hayo huvunjika kuwa boridi za chuma, hatimaye Fe2B. Boridi hiyo ina upendeleo mkali wa mwelekeo wa sumaku, na punje zake hukamata kuta za vikoa vya sumaku (maeneo madogo ambamo usumaku unaelekea upande mmoja) kama miiba. Aloi ikifika hapo, koasiviti hupanda hadi mamia au maelfu ya ampea kwa mita. Wewe uko kwenye 60. Hii inaniambia kwamba hukufika hatua ya pili, na hata hatua ya kwanza haijaenda mbali katika unene wote wa utepe.

Kwa hiyo kitanzi kimelala kwa sababu gani? Turudi kwenye ile rangi ya kahawia na buluu, ambayo pengine uliiona kama doa la nje tu. Rangi ni oksidi, na oksidi inasema kwamba kulikuwa na oksijeni au mvuke wa maji ndani ya nitrojeni yako. Oksijeni inapenda silikoni na boroni kuliko inavyopenda chuma. Inazivuta hadi juu na kuzifunga ndani ya oksidi, na chini yake inaacha tabaka jembamba lenye chuma kingi na boroni pungufu. Boroni ndiyo iliyokuwa inaizuia aloi isigeuke. Tabaka lililoipoteza hugeuka fuwele mapema zaidi kuliko kina cha utepe, na hata bila oksidi, uso huwa mwepesi wa kuota mbegu kuliko ndani.

Fuwele ni nzito kidogo kwa ujazo kuliko amofasi, kwa kiasi cha asilimia 1 hivi. Ngozi iliyogeuka inajikaza, na inapojikaza inaubana utepe uliobaki katikati. Aloi hii ina magnetostrikisheni (kubadilika urefu inaposumakishwa) chanya na kubwa, karibu sehemu 27 kwa milioni. Ukibana kitu cha namna hiyo kwenye ubapa wake, usumaku wake unapenda kusimama wima, kutoka uso mmoja wa utepe kwenda mwingine, badala ya kulala kufuata urefu. Sasa sumaku yako ya nje inabidi iulazimishe usumaku ulale, na ndiyo sababu kitanzi kimeinama na upenyezo (wepesi wa kusumakishwa) umeshuka. Ngozi yenye unene mdogo kuliko mikromita moja kila upande inatosha kuleta haya yote, ingawa zaidi ya asilimia 90 ya utepe bado haina fuwele.

Jaribio rahisi la kulithibitisha hili linahitaji asidi kidogo, kwa hiyo lifanyike penye uvutaji wa hewa, glavu na miwani: kwangua kwa kemikali mikromita 1 hadi 2 kutoka pande zote mbili za kipande, kisha upime kitanzi tena. Kikinyanyuka kurudi karibu na kilivyokuwa, ngozi ndiyo ilikuwa mkosaji. Kisiponyanyuka, fuwele ziko hadi ndani.

Na ile maabara ya eksirei? Sidhani walikosea kupima. Nadhani jibu lao lilitafsiriwa kupita uwezo wa kipimo. Mashine nyingi hutumia mnururisho wa shaba, na mnururisho huo huchochea chuma kung'aa chenyewe kwa eksirei zake. Usuli unapanda, na vilele vidogo vinazama humo. Asilimia chache za fuwele hupotea kirahisi. Pili, mnururisho huo hauingii ndani ya chuma zaidi ya mikromita chache, hivyo kinachoonekana ni upande mmoja tu. Utepe una pande mbili zisizofanana: ule uliogusa gurudumu la shaba na ule uliokuwa hewani. Tatu, na hili hukosewa mara nyingi, fuwele za ngozi ya utepe wa namna hii mara nyingi hujipanga kwa mwelekeo mmoja, kiasi kwamba kilele kikuu cha chuma karibu na nyuzi 44.7 (hapa nyuzi ni za pembe, si za joto) huwa dhaifu na kile cha karibu na nyuzi 65 ndicho kinachosimama. Mtu akipima kuanzia 35 hadi 55 tu, ataona kilima kipana cha amofasi na kuandika "hakuna fuwele". Waombe wapime tena pande zote mbili, hadi nyuzi 70, polepole, kwa mnururisho wa kobalti au kwa kichujio cha monokromata. Ukitumia kobalti, kumbuka vilele vinahama. Kile kikuu huenda karibu na nyuzi 52, na kile cha 65 huenda karibu na 77, kwa hiyo hapo wapime hadi 80 na zaidi.

Neno moja kuhusu kuvunjika, kwa sababu watu wengi huchukulia kwamba utepe ukivunjika basi umegeuka fuwele. Siyo lazima. Aloi ya amofasi inapopashwa, kabla ya fuwele yoyote atomi zake husogeleana kidogo na kujaza nafasi zilizonaswa wakati wa kupozwa haraka. Huko ndiko kutulia kwa muundo, na huko ndiko kunakoondoa mikazo unayotaka iondoke. Lakini nafasi hizo ndizo zilizouruhusu utepe ukunjike bila kuvunjika. Utepe wa chuma, silikoni na boroni uliotulizwa vizuri kabisa, katika nyuzi 360 hivi, nao huwa mwepesi kuvunjika ingawa sumaku yake ni nzuri ajabu. Kwa hiyo kuvunjika peke yake hakukuambii kitu. Ukitaka kukipima, kunja kipande kati ya bamba mbili sambamba na uzisogeze mpaka kivunjike. Gawanya unene wa utepe kwa umbali wa bamba baada ya kupunguza unene huo kwenye umbali. Kikikunjika bapa bila kuvunjika jibu ni 1. Kikivunjika bamba zikiwa milimita 2, jibu ni karibu 0.013. Vaa miwani, vipande huruka, na kingo za utepe hukata kama wembe.

Kwa pete mpya, ningefanya hivi. Shusha joto hadi nyuzi 360 hadi 370, kwa saa 1 hadi 2. Kwa aloi yenye nukta ya Curie ya 395, hapo uko chini yake, na hilo ni muhimu ikiwa utatumia uga wa sumaku. Mikazo ya kusokota huondoka vizuri katika joto hilo. Ukipanda hadi 400 au 420 unafaidika kidogo tu katika kuondoa mikazo, huku ukijipunguzia usalama mara kumi kila nyuzi 20 hadi 25. Sioni sababu ya kulipa bei hiyo.

Themokapo iwe ndani ya mzigo. Chomeka ya aina ya K, nyembamba, kati ya mizunguko ya pete moja au iguse uso wa ndani wa tundu lake, na uamini hiyo badala ya kioo cha tanuri. Ondoa hewa kwanza kwa pampu kisha ujaze nitrojeni kavu au agoni, urudie mara mbili au tatu. Kama huna pampu, pitisha gesi angalau mara tano ya ujazo wa tanuri kabla ya kuwasha. Panda kwa nyuzi 5 kwa dakika hadi 330, subiri mpaka ndani ya pete na nje ya pete vikaribiane kwa nyuzi 5, kisha malizia hadi 365. Hesabu ya saa ianze hapo, siyo ulipowasha swichi. Ukimaliza, usifungue tanuri mpaka mzigo ushuke chini ya nyuzi 200, la sivyo rangi ile itarudi. Na chumba kiwe na hewa inayozunguka: nitrojeni na agoni hazina harufu, na huua kimya kwa kuondoa oksijeni. Wapo wanaochanganya hidrojeni ili uso uwe safi zaidi; bila mfumo uliojengwa kwa kazi hiyo, usijaribu.

Ukitaka kitanzi kilichosimama, tia uga kuzunguka pete wakati wote wa kupasha na kupoza. Kiasi cha ampea 800 kwa mita kinatosha. Kwa pete yenye kipenyo cha wastani cha milimita 60, hiyo ni takriban ampea-mizunguko 150: mizunguko 10 ya waya uliofunikwa kwa shanga za kauri, ampea 15. Uga uendelee mpaka mzigo ushuke chini ya nyuzi 200. Sokota pete katika umbo lake la mwisho kabla ya kuipasha, na baada ya hapo usiibane wala kuimwagia gundi ngumu inayonywea ikikauka. Kwa magnetostrikisheni ile, mkazo wa gundi utakurudishia hasara uliyoondoa.

Jambo jingine ambalo kipande kidogo cha DSC hakikuonyeshi: kugeuka fuwele kunatoa joto. Kwa aloi hizi jumla yake ni kiasi cha juli 100 kwa gramu. Miligramu 15 kwenye sahani ya alumini zinalitupa joto hilo papo hapo. Pete ya gramu 400, iliyosokotwa kwa tabaka mamia zenye oksidi na gesi katikati, hailitupi upesi. Ikianza kugeuka ndani, inajipasha, inageuka kwa kasi zaidi, inajipasha zaidi, na katikati yake panaweza kupita joto la tanuri kwa makumi ya nyuzi, hata zaidi ya 100. Kama pete mojawapo ina koasiviti kubwa kuliko nyingine, au tabaka za kati ni mbaya kuliko za nje, chunguza hili kwanza.

Pengine utaambiwa uhamie aloi za nanofuwele, ambazo zinageuzwa fuwele kwa makusudi. Ni kweli na si kinyume cha niliyosema. Mwaka 1988 Yoshizawa na wenzake wa Hitachi Metals walitangaza aloi ya chuma iliyotiwa asilimia 1 ya shaba na asilimia 3 ya niobi kwa atomi. Shaba hujikusanya mapema katika vikundi vidogo, na kila kikundi kinakuwa mahali pa kuotea mbegu. Niobi haiingii kwenye fuwele, hubaki pembeni ikizizuia zisikue. Ukiipasha nyuzi 540 hivi kwa saa 1, unapata punje za nanomita 10 hadi 15 zilizobanana, kila moja ikiwa ndogo mno kiasi kwamba mielekeo yake ya sumaku inafutana. Kwa punje ndogo namna hiyo koasiviti hufuata kipeo cha sita cha ukubwa wake: punje zikikua maradufu, koasiviti inazidishwa mara 64 hivi. Utepe wako hauna shaba wala niobi, kwa hiyo kuupasha nyuzi 540 hakutakupa nanofuwele, kutakupa boridi. Ukinunua aloi hiyo, utapata upenyezo bora na hasara ndogo, lakini usumaku wa juu kabisa ambao pete inaweza kubeba utashuka kutoka tesla 1.56 hadi kama 1.24, pete itavunjika ukiigusa vibaya na lazima ikae ndani ya kasha, na ule mlipuko wa joto la ndani utaukabili kila siku: kati ya nyuzi 480 na 540 panda kwa nyuzi 1 kwa dakika au chini ya hapo, na usipange pete nyingi kwa pamoja.

Pete zako nne usizitupe kwanza. Kitanzi kilicholala, chenye upenyezo mdogo usioshiba upesi, ndicho watengenezaji wa choki (koili za kutuliza mabadiliko ya mkondo) huwa wanakitafuta, na wapo wanaogeuza utepe fuwele kidogo kwa makusudi ili wasikate mwanya kwenye pete. Pima upenyezo wake ukiwa na mkondo wa moja kwa moja juu yake, na hasara katika masafa unayotaka. Kama zote nne zinafanana, zina kazi. Kama zinatofautiana sana, ziache, kwa sababu hutajua kila moja itafanya nini ikipata joto.

Ukishindwa kuendelea peke yako, tafuta maabara ya sayansi ya vifaa yenye DSC, hasa ikiwa umenunua utepe mwingi au taarifa zake hazieleweki. Wape gramu chache za utepe ambao haujapashwa kutoka gurudumu lilelile, pamoja na vipande vya nje, vya kati na vya ndani vya pete iliyoharibika, kila kimoja kikiwa na alama ya upande unaong'aa. Waombe wapime utepe mpya kwa kasi nne, nyuzi 5, 10, 20 na 40 kwa dakika, katika agoni, mashine ikiwa imesawazishwa kwa indi na zinki, na kila kipande kipimwe mara ya pili bila kuondolewa ili kipimo hicho kitumike kama msingi. Ukichora logi asilia ya kasi ikigawanywa kwa mraba wa joto la kilele, dhidi ya moja chini ya joto hilo katika kelvini, mteremko wa mstari utakupa nishati ya uamilishaji ya utepe wako wenyewe, badala ya 390 niliyoazima mimi. Kisha walinganishe eneo la mlima wa kwanza la utepe mpya na la vipande vya pete: kikibaki asilimia 85 ya eneo, basi asilimia 15 ilishageuka kwenye tanuri lako.